Siku Nilipompumzisha Mafuru kwa Amani Akiwa Hai

Hii nitaisimulia mara moja tu, na naomba mniache nimalize kabla hamjacheka, ingawa sidhani kama mtacheka sana. Ni aibu yangu, hakuna aliyenisukumia, nimeitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu miwili na kipanya, na mpaka leo nikiwa na safari ya kupita njia ya Luchelele namwomba dereva azunguke kwingine, nasingizia foleni.

Kazi yangu mnaijua. Nina chumba pale Mkuyuni, ghorofani, juu ya duka la nondo na saruji la familia moja ya Kihindi, na humo ndani nahariri video za harusi, sendofu, kipaimara na misiba. Misiba ndiyo mingi (watu huahirisha harusi, kifo hakiahirishwi), kwa hiyo nimekuwa mtaalamu wa kupanga sura za watu waliokwisha kuondoka, nasafisha picha zao, nawawekea nyimbo taratibu, na watu wananisifu kwamba Doto ana mkono mwepesi wa kuliza. Nilikuwa najivunia sifa hiyo, Mungu anisamehe.

Basi Jumatano moja akaja Perusi. Perusi ni binti mkubwa wa marehemu Mwalimu Bwire, yeye ni afisa wa benki pale mjini, mtu wa kunyoosha mambo, hata viatu vyake havijawahi kupata vumbi la Mkuyuni kama vyetu. Baba yake alinifundisha hesabu darasa la sita, kwa hiyo alipotaja jina tu nikasimama. Mwalimu alikuwa ametimiza mwaka tangu afariki, na familia iliandaa ibada ya kumbukumbu nyumbani kwao Luchelele siku ya Jumamosi, ndugu wanakuja kutoka Majita, walimu wastaafu wanakuja, kwaya inakuja, na yeye alitaka video ya dakika kumi na mbili ya kuonyesha maisha ya baba yao. Akanipa flashi, tukaanza kupitia picha moja moja.

Picha nyingi za Mwalimu zilikuwa kama mnavyozijua picha za wazee wetu, amesimama wima, mikono ubavuni, uso umekazwa kama anasubiri hukumu. Halafu tukafika moja tukaisogelea wote wawili. Ilipigwa Bujora, kwenye ziara ya shule, mbele ya ngoma kubwa za kule makumbusho, na Mwalimu alikuwa anacheka. Siyo tabasamu, anacheka mpaka macho yamefumba na meno ya juu yote yanaonekana, na pembeni yake kuna kijana mrefu amemwekea mkono begani, mdomo karibu na sikio lake, ni wazi yeye ndiye aliyemchekesha.

Perusi akasema hiyo ndiyo iwe picha ya mwisho. Kisha akaweka kidole juu ya yule kijana.

"Ila huyu, dada Doto, umtoe. Mama akimwona hapo, ibada imekwisha."

Nikamuuliza ni nani. Akanieleza, macho yake yakiwa dirishani. Ni Mafuru, mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba. Ndiye aliyekuwa anaendesha pikipiki siku baba yao alipokufa. Walikuwa wanakwenda Kisesa kwenye mahari ya binti wa rafiki, lori likahama upande wake, Mafuru akalikwepa, pikipiki ikaingia mtaroni. Mwalimu alikata roho pale pale barabarani, Mafuru akatoka na mguu uliovunjika mara mbili. Siku ya mazishi alikuwa hospitali. Alipotoka akaja nyumbani kwa magongo, na mama yake alipomwona getini akainuka kwenye kiti, akaingia ndani, akafunga mlango. Mafuru akakaa uwanjani mpaka jua likazama, kisha akaondoka, na tangu siku hiyo mama hajawahi kutaja jina lake, na watoto wengine wakakubaliana kwamba na wao wasilitaje mbele yake.

Hapo ndipo ningeuliza swali moja la busara, kwamba je, mama mwenyewe amesema atolewe? Sikuuliza. Nilisema, "Nimekuelewa, dada, mimi nitaliweka sawa," kwa sauti ile ya fundi anayejua kila kitu.

Sasa mnisikilize kwa makini, maana kosa lenyewe lilikuwa dogo kama punje ya mtama. Kumkata Mafuru ilikuwa kazi ya dakika moja, unapunguza picha upande mmoja, basi. Lakini nikimkata hivyo mkono wake ungebaki begani kwa Mwalimu, mkono usio na mwenyewe, na hilo halipendezi. Kwa hiyo nikatumia kitu ambacho sisi mafundi tunakiita maski. Maski ni kama kukata tundu kwenye karatasi nyeusi na kuilaza juu ya picha, kinachoonekana ni kile tu kilicho chini ya tundu, vingine vyote vipo, havijaenda popote, ila vimefunikwa. Nikachora tundu la umbo la yai kuzunguka uso wa Mwalimu. Mafuru akapotea. Nikaandika chini yake: *Pumzika kwa amani. Tulikupenda.*

Ningeishia hapo leo ningekuwa naongea habari nyingine. Lakini nilipoiangalia nikaona imepoa, imekaa kama picha ya kitambulisho, na mimi (si mnanijua) siwezi kuacha kitu kilale. Picha ile ilikuwa imepigwa upande kidogo, ngoma zimeinama, watu wameinama, nikaona itapendeza lile yai lianze likiwa limeinama vilevile, halafu lijizungushe polepole hadi lisimame wima huku maneno yakijitokeza. Nani aliniomba? Hakuna. Perusi aliomba picha tu, mimi nikaongeza mbwembwe. Huo ndio uamuzi wenyewe, na ulinitoka nikiwa natafuna karanga.

Ijumaa nzima ikaishia kwenye yai. Kwanza nilipolizungusha, picha nzima ikazunguka nalo, Mwalimu Bwire akawa analala kifudifudi kama mlevi, nikafunga dirisha haraka kana kwamba ananiona. Nikatenganisha, picha ibaki imetulia, maski peke yake ndiyo izunguke. Ikakubali, lakini sasa maski badala ya kujizungusha mahali pake ikawa inapiga mduara, inatoka usoni kwa Mwalimu, inazunguka huko mbali kama ng'ombe aliyefungwa kwenye kigingi. Nilihangaika nayo saa tatu. Nikafuta, nikaanza upya. Nikazima laptopu, nikawasha (dawa yetu ya kwanza na ya mwisho). Baadaye ndipo nikagundua kwamba kila kitu kinachozunguka kina kitovu chake, na kitovu cha maski yangu hakikuwa katikati ya yai, kilikuwa katikati ya picha. Nikakivuta mpaka katikati ya yai, nikabonyeza, na yai likasimama taratibu pale pale usoni, zuri kweli, nikapiga makofi peke yangu. Nikashuka chini kununua soda, nikamwambia hata yule mama muuza vocha kwamba leo nimeishinda mashine, na yeye akaniambia hongera bila kujua anapongeza nini.

Jumamosi asubuhi, ibada ni saa sita, Perusi akanipigia. Amepata picha ileile ya Bujora kutoka kwa mwalimu aliyeipiga, safi zaidi, ile ya kwanza ina ukungu, naomba ubadilishe. Nikamwambia hakuna shida. Nikaitoa ya zamani, nikaweka mpya. Picha mpya ilikuwa kubwa zaidi, kwa hiyo mipangilio yangu ya maski ikapotea, nikalazimika kuirudia yote, safari hii nikiwa nimesimama, mkoba begani, bajaji inanisubiri chini na dereva ameshapiga honi mara mbili. Nikachora yai. Nikaandika namba za kuzunguka, ya mwanzo na ya mwisho. Kazi yetu iko hivyo, wewe unaweka alama ya mwanzo na alama ya mwisho, katikati kompyuta inajaza yenyewe. Nikaangalia mwanzo, ilikuwa inatokea gizani, sikuona kasoro. Nikaangalia mwisho, Mwalimu yumo ndani ya yai, wima, anacheka, maneno yako chini. Katikati sikuangalia. Ni sekunde sita tu, nikajiambia, katikati kutaharibika nini?

Nikashuka na laptopu ikiwa bado ya moto.

Kule Luchelele walikuwa wamefunga maturubai kati ya nyumba na yale mawe makubwa ya ziwani, na televisheni kubwa ya kukodi wameipandisha juu ya meza, pembeni wameizungushia vitenge vyeusi ili jua lisiifute. Nikaunganisha waya. Mama mwenyewe, Mama Perusi, alikuwa amekaa mstari wa mbele kabisa, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani. Nikapiga goti nikamwamkia, akaitika marahaba mwanangu, akanishika mkono kwa muda, akaniambia mume wake alikuwa akipenda wanafunzi waliosumbua. Nikacheka kidogo. Niliona kabisa siku itakuwa njema.

Mchungaji alipokuwa anafungua ibada nikainua macho, nikamwona Mafuru. Alikuwa amesimama nyuma kabisa, nje ya turubai, karibu na tangi la maji, ameuegemeza ule mguu mbaya. Nilimjua mara moja, na fikirini nilimjulia wapi, nilikuwa nimemtazama siku mbili mfululizo nikitafuta namna ya kumficha. Perusi naye alimwona, nikamwona anakaza shingo, binamu yake akamnong'oneza kitu, nadhani alimwambia mwache, atasimama hukohuko. Mama alikuwa amempa mgongo. Hakujua kama mwanawe yupo.

Video ikaanza. Nisiseme uongo, dakika kumi na moja za kwanza zilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Kwaya ilikuwa inaimba kwa kufumba midomo, chinichini, watu wanafuta machozi bila kelele, mama anatikisa kichwa taratibu kila picha inapopita kama anayeitikia simulizi. Wazee wa Majita waliokaa nyuma yake walikuwa wanatajiana majina ya waliomo pichani. Nikasimama pembeni nimekunja mikono, kichwa kimevimba.

Ikaja picha ya mwisho. Giza, halafu yai likatokea, limeinama, ndani yake Mwalimu anacheka. Watu wakafanya "mmh" ile ya kuguswa. Na maneno yakaanza kujitokeza chini.

Kisha yai likaanza kusogea. Halikusimama wima kama nilivyolituma. Liliondoka usoni kwa Mwalimu, likaenda upande usio wake, likashuka, polepole kabisa kwa sababu mimi mwenyewe nililitaka liende polepole, likapita kwenye ngoma, likaonyesha ngozi ya ngoma na misumari yake, likafika chini kwenye viatu vya Mwalimu. Watu wakadhani ndiyo mtindo. Mimi nilishajua linakokwenda. Likapita kwenye majani, likaanza kupanda upande wa pili. Suruali ya Mafuru. Mkono wa Mafuru. Kifua.

Hapo nikafanya la pili, baya kuliko la kwanza. Kama ningetulia, yai lingempita kwa sekunde moja na nusu, likamaliza mzunguko wake, likarudi kwa Mwalimu, na nusu ya watu wasingegundua. Lakini nilikurupuka, nikaruka waya, nikagonga meza, nikabonyeza kitufe cha kusimamisha.

Likasimama. Lilisimama juu ya uso wa Mafuru, katikati kabisa kama lililopimwa, kijana anatabasamu, mdomo umefunguka kidogo, na chini yake kwa herufi nyeupe: *Pumzika kwa amani. Tulikupenda.*

Nikabonyeza tena iendelee, haikuendelea. Nikabonyeza kila kitu. Laptopu ilikuwa imeganda. Kwaya ikaanza kufifia, sauti moja, nyingine, mpaka akabaki mwanamke mmoja aliyefumba macho anaimba peke yake, halafu naye akayafumbua akanyamaza.

Katika ukimya ule shangazi mmoja mzee wa Majita, ambaye macho yake hayaoni vizuri lakini sauti yake inavuka ziwa hadi Ukerewe, akamgeukia jirani yake.

"Na Mafuru naye amekufa? Mbona hatukuambiwa?"

Hakuna aliyemjibu kwa haraka, na kimya kile yeye akakichukua kuwa ndiyo jibu. Akashika kichwa, akaanza kulia kile kilio cha msiba mbichi, kinachopanda na kushuka, na wanawake wawili waliosafiri naye, ambao nao kwa mwaka mzima hawakusikia habari za Mafuru kwa kuwa hazikuwa zinasemwa, wakampokea. Mnaelewa? Watu walikuwa wanamlilia, wanamtaja jina lake la utotoni, na mwenyewe amesimama karibu na tangi la maji anasikia. Wengine waliomwona wakaanza kugeuka nyuma, mmoja, mwingine, mpaka turubai zima likawa linamwangalia yeye na televisheni kwa zamu.

Nami nikamwangalia. Sikuona hasira. Aliisoma ile sentensi, nikaona midomo yake inaisoma, akaangalia kisogo cha mama yake, kisha akageuka akaenda getini kwa ule mwendo wake wa kuvuta mguu, bila haraka, na kule nje nikasikia bodaboda inawashwa.

Ndipo mama akainuka. Alitembea hadi kwenye televisheni, akaweka kiganja juu ya kioo, juu ya yale maneno, kana kwamba anayaziba. Kilio kikakatika.

"Huyu hajafa," alisema. "Mwanangu yu hai. Nani kamwandikia haya?"

Sasa sikilizeni sehemu ninayoionea haya kuliko yote, kuliko maski, kuliko kuganda kwa laptopu. Mama aliniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeshika waya. Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi mama, nimekosea, nisamehe. Badala yake mdomo wangu ukanitangulia, nikasema mbele ya wale watu wote kwamba mimi niliambiwa nimtoe, ni dada Perusi aliniambia, nilikuwa namficha tu, hakupaswa kuonekana. Nikanyoosha na kidole.

Mama akamgeukia binti yake. Perusi alikuwa amesimama, mikono imeshika mkoba wake kifuani.

"Mimi nilisema atolewe?" mama akamuuliza.

"Mama, ulifunga mlango," Perusi akasema, taratibu sana.

"Nilifunga mlango. Sikumfuta mtoto."

Machozi yalikuwa yanamtoka Perusi lakini uso wake haukubadilika hata kidogo. Mama akauliza Mafuru yuko wapi, maana aliwaona watu walivyogeuka, mtu akamwambia alikuwa hapa sasa hivi, ameondoka. Akaenda mwenyewe mpaka getini. Tulimwona amesimama pale ameshika nguzo, anaangalia barabara, na hapakuwa na kitu barabarani zaidi ya vumbi.

Nikachomoa waya. Televisheni ikageuka buluu, ikaandika kwamba hakuna ishara. Mchungaji akaomba sala fupi kuliko zote nilizowahi kumsikia mchungaji akiomba, wali na samaki aina ya sato vikaliwa, sahani zinagongana, watu wanasalimiana kwa macho. Perusi alininyanyulia mkoba wangu wa laptopu yeye mwenyewe, akanipa.

"Nenda, dada Doto," akasema. Hakuongeza neno, na mpaka leo hajaongeza.

Jumatatu nilipata ujasiri wa kufungua ile kazi niangalie nilikosea wapi. Nilikuta makosa mawili, na kuyaona yote kulinichukua muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. La kwanza, nilipobadilisha picha kitovu cha maski kilirudi katikati ya picha, pale pale nilipokitoa Ijumaa, sikukumbuka kukihamisha. La pili ni hesabu. Nilitaka yai linyanyuke nyuzi kumi tu, nikaandika lianzie 350 liishie sifuri. Kwetu sisi watu hizo namba mbili ni majirani, kama mshale wa saa ulio karibu kufika juu. Kompyuta haioni ujirani, inaona namba, na kutoka 350 kwenda sifuri ni kurudi nyuma mzunguko karibu mzima. Ningeandika 360 badala ya sifuri, lingenyanyuka kidogo likatulia. Nyuzi za mzunguko nilifundishwa na Mwalimu Bwire mwenyewe, ubaoni, kwa saa ya ukutani ya shule, na nakumbuka nilipata jibu siku ile.

Wiki iliyofuata nikaenda Kayenze, ambako niliambiwa Mafuru anafanya kazi mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki. Nilimkuta anageuza dagaa kwenye nyavu zilizotandazwa juu ya mchanga, anainama kwa shida kwa sababu ya mguu. Nikamsalimia, nikamwambia mimi ndiye niliyetengeneza video. Akasema anajua, aliniona nimeruka waya. Nikamwomba msamaha, maneno mengi, nikamweleza mpaka habari za kitovu na nyuzi, akanisikiliza mpaka mwisho, na nadhani hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza kwa upole namna ile kuhusu maski. Kisha nikamwambia lile nililolifuata, kwamba mama yake alisimama mbele ya watu wote akasema mwanangu yu hai. Nilitaka alipokee kama zawadi. Nilidhani nikimpa hilo, na mimi nitakuwa nimelipa kidogo.

Akanyooka, akafuta mikono kwenye suruali.

"Alisema nikiwa bado nipo, au nimeshaondoka?"

Nikamwambia alikuwa ameshaondoka.

"Basi hakuniambia mimi," akasema. "Aliwaambia watu."

Nikamwambia alimfuata mpaka getini, niliona kwa macho yangu. Akasema Perusi amempigia mara nne, hakupokea, lakini mama ana namba yake, haijabadilika, na simu ya mama haijaita. Akasema hamlaumu mtu. Akarudi kwenye dagaa wake, nami nikabaki nimesimama mchangani na viatu vya mjini. Kabla sijaondoka akaniomba ile picha, nzima, bila kukatwa. Nikamtumia pale pale kwenye simu. Hakuifungua mbele yangu.

Imepita miezi saba. Nasikia mama anaumwaumwa, Perusi ndiye anayemhudumia, na Mafuru hajafika Luchelele. Watu wananiambia si kosa langu, familia ile ilikuwa na ufa wake kabla yangu, na ni kweli, lakini ufa mtu anaweza kuishi nao chini ya zulia miaka mingi, mimi ndiye niliyevuta zulia mbele ya wageni, kisha nikanyoosha kidole kwa mwenye nyumba. Siku hizi kila video naiangalia yote, mwanzo, katikati na mwisho, nikiwa nimekaa, hata bajaji ipige honi mpaka betri iishe. Na mteja akija akaniwekea kidole juu ya picha akasema huyu mtoe, namuuliza kwanza kama mtu huyo yu hai. Akisema yu hai, namrudishia flashi yake, namwambia mimi kazi hiyo siiwezi, na wengi wanaondoka wamenuna wakidhani sijui kutumia maski.